Sukutua Kinywa, Kisha Kohoa

Siku ya kuniaga kazini mlinipa valizi, sanduku la safari. Valizi kubwa ya buluu, ya magurudumu, mkampa mtu ambaye safari yake ya kila siku ilikuwa kuvuka barabara kutoka mlango wa nyumba yake mpaka mlango wa labo, maabara ya hospitali. Mzaha niliuelewa, nikacheka pamoja nanyi. Bibi yangu wa ndoa, Mama Riziki, ameijaza maharagwe ya mbegu na kuisukuma chini ya kitanda. Anasema imefanana na bwana wake: nzuri, nzito, haiendi popote.

Mliniomba pia niwaandikie namna kazi ilivyokuwa kabla yenu. Vyeo nitaviacha, maana havikuwa vingi vya kuchosha kalamu. Mshahara nao nitauacha, kama wenyewe ulivyozoea kutuacha. Nitasema mambo ya vifaa, ya watu walionifundisha, na ya makohozi. Kama mko mezani, malizeni kwanza kula.

Niliingia labo kwa sababu moja tu: ilikuwa karibu. Nilikuwa nimemaliza sekondari, seksio ya bioshimi, yaani biolojia na kemia, na wenzangu wote walikuwa wanaondoka kutafuta maisha. Mmoja alienda Kitshanga kununua na kuuza ng'ombe, mwingine Walikale kuchimba mawe. Mimi niliangalia ng'ambo ya barabara, nikaona hospitali, mlango wazi, na benchi lenye kivuli. Nikasema kazi njo hii. Wenzangu walirudi na hadithi za simba, za mito na za wanawake. Mimi hadithi zangu zote zinaanza na "nilikuwa nimekaa".

Shefu wa labo wakati ule alikuwa Papa Bauma, mzee mfupi mwenye sauti ndogo na bluzi nyeupe ya kazi yenye madoa mengi kuliko ramani ya shule. Siku ya kwanza alinikalisha mbele ya mikroskopi isiyojua umeme. Ilikuwa na kioo chini yake. Kioo kinakamata jua, jua linapita ndani ya kipande cha glasi chenye makohozi, linapanda mpaka jichoni. Wingu likija, kazi inasimama. Hapa kwetu kando ya ziwa mawingu hayakosi, kwa hiyo kazi niliipenda tangu asubuhi ile.

Akaniuliza ninaona nini. Nikasema ninaona vijiti vyeusi, vingi, vimepinda, na tena vinatembea. Nilikuwa na furaha: saa ya kwanza ya kazi, na tayari nimemkamata mgonjwa.

"Vijiti vyetu ni vyekundu, kijana," akasema Papa Bauma. "Hivyo vyeusi ni kope za macho yako. Funga macho, vitapona."

Ninyi mliokuta mashini ya kupima hamkupitia ule uchafu mtamu wa rangi. Unapaka makohozi juu ya glasi, unayapitisha motoni yakauke, unamwagia rangi ya fushini, nyekundu, unaipasha moto kwa chini mpaka itoe mvuke lakini isichemke. Kisha unaosha kwa asidi. Kila kitu kinapoteza wekundu wake isipokuwa kidudu cha TB, kwa sababu kina ngozi ya nta, na kiburi pia. Mwisho unatia buluu, na vile vijiti vyekundu vinabaki juu ya buluu kama pilipili juu ya kitenge. Fushini hiyo haitoki vidoleni. Nilipoenda kujitambulisha kwa wazazi wa Mama Riziki, baba yake aliangalia mikono yangu muda mrefu, halafu akamvuta bintiye pembeni kumwuliza kama mimi ni muchinjaji. Bintiye akamwambia ningekuwa muchinjaji ningeleta walau nyama.

Papa Bauma alinifundisha uvumilivu, yaani kukaa, na mwanafunzi alikuwa tayari na kipaji. Alinifundisha kutoa jibu bila kupamba. Lakini kulikuwa na kitu kimoja kilichomuumiza. Mikroskopi ilituonyesha kidudu. Haikutuambia kama kidudu hicho kinasikia dawa. Ni kama kuona ng'ombe kilimani kwa mbali: unajua ni ng'ombe, hujui kama anapiga teke. Mgonjwa alimeza dawa zake, akarudi, vijiti vyekundu bado viko, na sisi tukaandika tena "viko". Tulituma makohozi mji mkubwa ambako waliyaotesha ndani ya chupa kama miche, polepole, wakaweka dawa juu kuona kama inaua. Jibu liliporudi, mgonjwa alikuwa ama amepona mwenyewe ama amekwisha kuzikwa. Papa Bauma alisoma jibu, akalikunja, akatoka nje kuangalia ziwa. Mimi nilijifunza kutomfuata.

Mashini ilikuja yeye akiwa amekwisha kustaafu. Alikuja kuiona siku ile na fimbo yake. Akaizunguka, akainama, akauliza jua linaingilia wapi. Tukamwambia haihitaji jua. Akasema basi siku za mvua mtafanya kazi, poleni.

Aliyekuja kutufundisha alizungumza Kifaransa kirefu, lakini mimi nilielewa mara moja, kwa sababu nina mashangazi. Ndani ya kidudu mna maandishi marefu yanayoitwa ADN, wengine husema DNA, ya herufi nne tu zinazorudiwarudiwa. Kuna mahali padogo katika maandishi hayo ambapo dawa kubwa ya TB, ile nyekundu, inashika. Herufi moja ya hapo ikibadilika, moja tu, dawa haishiki tena: kidudu kinaiangalia ikipita kama mtu anayemwangalia mdai wa jirani. Sasa mashini inachukua kipande hicho, inakipasha moto, inakipoza, inapasha, inapoza, na kila mara kipande kinazaa nakala yake, mpaka kitu kisichoonekana kinakuwa kingi cha kutosha kuonekana. Hapo wanaingia mashangazi watano, yaani vitambulishi vitano vilivyomo ndani ya mashini, kila kimoja na taa yake. Kila shangazi anajua kwa moyo sehemu yake moja ya maandishi, kama vile siku ya kuleta bibi-arusi mmoja anakagua uso, mwingine masikio, mwingine miguu. Shangazi akimtambua, anasimama kucheza, na taa yake inapanda kwenye skrini. Lakini kama herufi moja imebadilishwa mahali pake, yeye anakunja mikono, anabaki ameketi. Wanne wanacheza, mmoja amekaa: ndiyo alama ya kidudu kilichobadilika uso. Hakuna mmoja anayecheza: bibi-arusi hakuja, yaani TB hamna.

Hivyo ndivyo nilivyowafundisha ninyi nyote, na najua nyuma yangu mliniita Shangazi wa Sita. Nilisikia. Ukuta wa labo ni mwembamba.

Pamoja na mashini tulilazimika kuwaelekeza watu wa vituo vidogo vyote vya afya, kule milimani Masisi na kule porini Walikale, namna ya kutuma makohozi. Niliwatumia ujumbe wa sauti kwa simu, nikiwa nimekaa, bila shaka. Nikasema: mgonjwa asukutue kinywa kwanza, asiache mabaki ya chakula, kisha avute pumzi na kukohoa kutoka chini ya kifua, si mate ya mdomoni. Kikopo kifungwe vizuri. Nilijisikiliza mara mbili, nikaona nimesema kama redio.

Majibu yakaanza kutoka. Makohozi ya Walikale yalikuja kwa moto, yaani pikipiki, kwa mguu, kwa vichwa vya watu madaraja yalipovunjika, kifuniko kina tope, jina limefutika nusu kwa mvua. Na mashini inayasoma bila kulalamika. Lakini kulikuwa na kituo kimoja cha milima ya Masisi, karibu zaidi, njia nafuu zaidi, ambacho makohozi yake yalikuwa mazuri kuliko yote kwa macho: meupe, mazito, ya kutosha. Niliyasifia. Niliwaambia wa vituo vingine waige mfano. Na karibu kila mara mashini ilianza kazi, ikasimama katikati, ikaandika erreur, yaani kosa, na kulalamika juu ya presha. Majimaji hayapiti kwenye vijia vyake vyembamba, vimeziba. Mlisema mashini imeshikwa na tensioni, ile presha ya wazee, ipewe dawa, ipunguze chumvi. Nilisafisha. Nilibadilisha mahali pake. Nililaumu umeme, nikalaumu pano za jua zinazouleta, nikamlaumu motari, dereva wa pikipiki aliyekuwa anayaleta, kijana mmoja mwenye bega pana anaitwa Safari, kwamba anayatikisa sana. Kitu kimoja sikufanya: kunusa. Sheria ya labo inakataza, nami sheria zinazoniacha nimekaa ninaziheshimu.

Katika makohozi hayo kulikuwa na ya mama mmoja anaitwa Mapendo. Alikuwa mtu wa Walikale, mzaliwa wa msituni, aliyeolewa juu Masisi katika nyumba ya wafugaji, akawa mpishi wa fomaji, yaani jibini, kwao. TB yake iliandikwa zamani kwa mikroskopi, akapewa dawa za kawaida, na badala ya kunenepa akazidi kuyeyuka. Dokta Solange, daktari wetu wa kifua, alitaka jambo moja tu kutoka kwangu: je, kidudu cha Mapendo kimebadilika ao hapana? Kama hakijabadilika, aendelee na dawa alizo nazo. Kama kimebadilika, dawa hizo ni maji tu kwake, na kila mwezi unaopita unamla. Dawa za pili zipo, lakini ni kali, na hazitolewi kwa kubahatisha. Nilimpa erreur. Akaomba tena, erreur. Akaomba tena. Mnamjua Dokta Solange, hapigi kelele. Alisimama tu mlangoni akanishukuru kwa adabu, na adabu ile ilinikata kuliko matusi.

Safari alipoleta kikopo kingine cha Mapendo hakukiweka mezani. Alikaa nacho mkononi.

"Papa Riziki, miye nabeba, nabeba, na wewe kila siku erreur. Kule juu banasema huyu mwanamuke iko natupa dawa. Mama mukwe wake anasema iko natema nyuma ya nyumba, sababu anataka kulala, hataki kazi. Bwana yake anataka kumurudisha kwao Walikale. Mutoto atabaki."

Nikamwuliza mtoto ana umri gani. Akasema bado ananyonya, lakini wamekwisha kumwondoa kifuani.

"Sasa wewe ufanye nini?" nikamwuliza, kana kwamba kujibu kulikuwa kazi yake.

"Miye? Miye niko motari. Lakini nyuma yangu kuna nafasi. Panda, ukaangalie mwenyewe."

Niliwaza magoti yangu. Niliwaza barabara, na vizuizi vyenye watu wenye bunduki, na mvua. Niliwaza kwamba mtu wa labo hupaswa kukaa labo, nikalitafuta neno hilo katika sheria, nikakumbuka kwamba nililitunga mwenyewe. Nikaenda nyumbani kumweleza Mama Riziki. Yeye hupanda moto kila wiki kwenda soko la Kitshanga na magunia yake ya maharagwe, huongea na madereva wote kwa majina. Alinivisha koti lake la mvua.

"Enda tu. Ukifia njiani nitasema ulikufa ukitembea. Watu hawataamini, lakini nitasema."

Kuhusu njia sitasema mengi, kwa sababu sehemu kubwa nilikuwa nimefunga macho. Safari aliniomba nisimshike shingo, nimshike kiunoni, nami nilishika vyote viwili. Palipokuwa na tope aliniambia nishuke nitembee, na hapo niliona kwa mara ya kwanza kwamba milima ile ya kijani ninayoiangalia toka dirishani tangu ujana wangu inapandwa kwa miguu, na kwamba ina nyuma. Ng'ombe walisimama kutuangalia. Mmoja nilimjua kabisa, kwa macho tu, kwamba anapiga teke.

Kituo kilikuwa nyumba ya mbao yenye bati, safi kuliko labo yetu. Enfirmiye wake, yaani muuguzi, Mama Esperance, mama mnene mwenye kicheko, alitupokea kana kwamba ni harusi: mwenye sauti ya simu amefika mwenyewe! Alimtuma mtu kumwita Mapendo. Alikuja taratibu, amejifunga kitenge mara mbili kuzunguka mwili uliobaki mdogo, na nyuma yake mama mkwe wake, Mama Veneranda, mrefu, mnyoofu, amebeba kibuyu kilichofunikwa kwa mfuniko wa ukindu. Alinisalimia kwa heshima zote, halafu akasema mbele ya kila mtu, bila hasira, kama anayetaja hali ya hewa, kwamba watu wa pori hawajazoea dawa, ndiyo maana. Mapendo aliangalia chini.

Nikaomba wafanye kama wanavyofanya kila siku, mimi niangalie tu. Hiyo ni kazi ninayoiweza.

Mama Esperance alileta kikopo, akaandika jina juu yake, si juu ya kifuniko, vizuri kabisa. Akamweleza Mapendo kukohoa kutoka chini ya kifua, neno kwa neno kama nilivyosema kwenye simu, mpaka na kikohozi changu kidogo cha katikati ya sentensi. Kisha Mama Veneranda akafunua kibuyu, akamimina kikombe kizima cha maziwa ya moto, akampa mkwe wake kwa mikono miwili. Mapendo akapokea kwa mikono miwili. Akajaza kinywa, akasukutua shavu hili, akasukutua shavu lile, akameza. Akajaza tena.

Nilisimama. Wanaonijua wanafahamu uzito wa neno hilo.

"Mama Esperance, hiyo ni nini?"

"Ni ya kusukutua, Papa. Si wewe njo ulisema basukutue?"

"Nilisema na maji."

"Hapana. Ulisema basukutue. Maji haukusema."

Mama Veneranda alikuwa ananiangalia kama mtu aliyeomba chumvi kwenye chai. "Muntu wa nyumba yangu iko mugonjwa, nimupe maji? Kama vile hatuna ng'ombe?"

Nikauliza, kwa sauti iliyokuwa imepungua, kwa nini basi asiteme baada ya kusukutua.

"Maziwa hayatemwe, Papa," akasema yule mama, kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Ng'ombe ikiona?"

Na Mama Esperance akaniambia ndivyo wanavyofanya kwa wote: kila mgonjwa huja na maziwa yake, na asiye nayo huazimwa na jirani. Walikuwa wamelitii neno langu kuliko kituo chochote. Yale makohozi meupe niliyoyasifia, yaliyofika kwangu yameganda kwa jua la njiani, yakaziba vijia vya mashini, nusu yake ilikuwa maziwa yaliyobaki kinywani na kuwa mashanza, yaani mgando. Nilikuwa natafuta herufi moja ndani ya fomaji.

Nilimgeukia Mapendo, nikamwuliza kwao wanasukutua na nini.

"Na maji ya mto, Papa." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Lakini hapa miye niko mugeni. Maziwa ya mama mukwe, nitaikatalia wapi?"

Sasa fikirini vyote mlivyosoma, halafu mwambieni mama mfugaji, mbele ya watu, kwamba maziwa yake ndiyo yanayoharibu. Hakuna mashini ya kazi hiyo. Mimi nilifanya hivi: nilichukua kile kikombe mkononi mwa Mapendo, nikasema kwetu kando ya ziwa maziwa ya kwanza ni ya mgeni, na mgeni hapa ni mimi niliyetoka mbali. Nikayanywa yote. Mama Veneranda akafurahi, akanijazia tena, na hilo sikuwa nimelihesabia. Mimi ni mtu wa sambaza, wale dagaa wa ziwani, na chai ya rangi. Tumbo langu lilianza kulalamika juu ya presha kabla sijarudisha kikombe.

Mama Veneranda alipokuwa ananimiminia, Mama Esperance akaelewa, Mungu ambariki. Akachota maji ya mvua kwenye pipa la kituo, akampa Mapendo pembeni. Mapendo akasukutua, akatema, akasukutua tena kama mtu aliyekutana na ndugu yake. Akaenda nyuma ya nyumba, mgongo kwa upepo, akakohoa kutoka chini kabisa. Kilichotoka hakikuwa kizuri. Kilikuwa kidogo, cha manjano, kimechanganyika na uzi wa damu. Kilikuwa cha kweli.

Wakati wa kushuka walitusimamisha kwenye kizuizi. Mwenye bunduki akataka glasiere, lile sanduku la barafu lenye kikopo, ifunguliwe, akidhani ni nyama. Safari akamwambia ni makohozi ya kifua kikuu, akanyoosha mkono kuifungua. Yule akaruka nyuma, akatupungia mkono tupite. Safari alicheka mpaka ziwa likaonekana. Mimi sikucheka, nilikuwa na vikombe viwili vya maziwa ndani.

Asubuhi niliingiza mwenyewe kartushi, kile kichupa cha mashini, chenye makohozi ya Mapendo, nikaketi mbele ya skrini. Mashini ilipita mahali ilipozoea kusimama, ikaendelea. Shangazi wa kwanza akasimama. Wa pili. Taa zikapanda moja baada ya nyingine, nne, safi, zimenyooka. Ya tano ikabaki chini, inatambaa sakafuni mpaka mwisho. Kidudu cha Mapendo kilikuwa kimebadilika. Hii ni kazi ya ajabu: nilipiga meza kwa furaha juu ya habari mbaya, kwa sababu hatimaye ilikuwa habari. Dokta Solange aliangalia skrini, mara hii hakunishukuru kwa adabu, alinipiga bega. Akaanza siku hiyohiyo kutafuta namna ya kupandisha zile dawa kali, akaniagiza nipigie simu kituo, kwa kuwa watu wa kule sasa wananijua. Na niwaulize swali tunalouliza daima: nani mwingine katika nyumba aliwahi kukohoa hivyo.

Mama Esperance alimpa Mapendo simu. Nilimweleza polepole. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja.

"Papa, hiyo mashini inaona kama miye nilikuwa nameza?"

Ningependa kumwambia ndiyo. Papa Bauma alinifundisha kutopamba. Nikamwambia mashini haioni mtu, inaona kidudu tu. Kidudu kinaweza kubadilika ndani ya mtu anayeruka dawa, na kinaweza pia kumwingia mtu kikiwa tayari kimebadilika, na huyo hata akimeza kwa uaminifu wote, dawa inampita. Halafu akasema, "Basi umwambie mama mukwe vilevile. Iko hapa." Nami, ambaye hata kwa bibi yangu huongea kwa maneno machache, nikajikuta namweleza Mama Veneranda herufi moja ya ADN kwa simu, pamoja na mashangazi wote watano.

Nilipomaliza nikamwuliza lile swali. Kuna aliyekohoa hivyo nyumbani kabla ya Mapendo?



"Kijana wangu, ndugu ya bwana ya Mapendo," akasema Mama Veneranda. "Alitoka Walikale ku machimbo na kikohozi. Alikunywa dawa, akaacha, akakunywa tena. Alifia hapa kwangu."

"Pole, Mama. Nani alikuwa anamuuguza?"



"Miye sikuweza kumuangalia. Mapendo njo alikuwa namulisha. Kila siku, na mukono yake."

Nikamwambia siwezi kuapa kwamba ndiko kidudu kilikotoka, mashini nayo haiapi. Nikamwambia watu wote wa nyumba, na yeye, na mtoto, waje kupimwa. Akasema ndiyo kwa kila kitu. Nikamaliza na maagizo ya Dokta Solange: dawa mpya ni nyingi, ni kali, muda wake ni mrefu, na mojawapo haitaki kabisa kukutana na maziwa. Ameze na maji, maziwa yasubiri saa nyingi baadaye. Nikajiandaa kusikia jibu, kwa kuwa kisima, nilikuwa nimekiona, kiko chini kabisa bondeni, na kule juu anayeshuka kuchota ni mke wa mwisho kuolewa, yaani Mapendo mwenyewe.

"Maji," akasema Mama Veneranda, kama mtu anayeonja neno. Kisha nikamsikia akimgeukia mtu aliye karibu naye, sauti ikiwa mbali kidogo na simu.

"Kaa, mwana. Kaa chini. Maji nitachota miye."